Mkahawa wa Kichina usiouza nyama: Yafaayo na ya kuhadhari

Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye husafiri hadi Guangzhou nchini China mara tatu kwa mwaka kununua nguo na viatu, alikuja kliniki akilalamika kuumwa na kichwa na kuona kizunguzungu. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 178 juu ya 104, ilhali kabla ya safari tulikuwa tumelishusha hadi 138 juu ya 86. Vidonge vyake alikuwa amevimeza bila kuruka siku hata moja. Nilipomuuliza habari za chakula alijibu kwa fahari: "Daktari, huko sikugusa nyama kabisa. Mimi ni Mwislamu, na kwa kuwa sikuwa na hakika ya uchinjaji katika hoteli zilizokuwa karibu nami, nilikula kwa wale Wachina wa mboga, mchana na jioni, wiki mbili nzima."

Mama huyu hakukosea kuchagua. Mikahawa ya Kichina isiyouza nyama hupika vyakula ambavyo vingi vyao ningependa kuviona katika sahani za Wakenya. Tatizo lilikuwa katika fikira aliyokuwa nayo, na ambayo wagonjwa wengi wanayo, kwamba chakula kikishakosa nyama basi kimekuwa dawa. Maadamu Wakenya wengi siku hizi wanakwenda China kwa biashara na masomo, na maadamu vyakula hivi vimeanza kupatikana hata Nairobi, ni vizuri tuvichunguze kimoja kimoja.

CHAKULA CHA WATAWA

Upishi huu ulikuzwa katika nyumba za watawa wa dini ya Kibuddha. Mfalme Wu wa ukoo wa Liang, aliyetawala sehemu ya kusini ya China kuanzia mwaka 502 hadi 549, alikuwa mfuasi shupavu wa dini hiyo na aliwakataza watawa kula nyama na kunywa pombe. Kwa karne nyingi tangu wakati huo, wapishi wa mahekalu wamekuwa wakibuni njia za kuwashibisha watawa, na hasa kuwakirimu mahujaji matajiri waliozoea nyama. Baadaye upishi ukatoka mahekaluni ukaingia mjini. Mjini Shanghai, kwa mfano, mkahawa uitwao Gongdelin ulifunguliwa mwaka 1922 na bado unajulikana sana.

Wateja wa mikahawa hii si watawa pekee. Wachina wengi ambao hula nyama siku nyingine huiacha siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, na siku hizo huenda usipate hata kiti. Kibandikoni utaona alama ya neno "su", yaani chakula kisicho na nyama. Pengine utaona pia mchoro wa msalaba uliopinda ncha zake, unaofanana na ule wa Hitler. Usishtuke ukageuka njiani. Ni alama ya Wabuddha ya tangu zamani, wala haina uhusiano na siasa za Ujerumani.

Mikahawa inayofuata desturi kikamilifu haitumii vitunguu maji, vitunguu saumu wala liki, kwa kuwa watawa huamini kwamba vitu hivyo huamsha ashiki na hasira. Wasomaji wa Nairobi walio na jirani wa dini ya Kijain watakumbuka kwamba wao pia huepuka vitunguu. Sina la kusema kuhusu ashiki, lakini najua kwamba vitunguu huwaletea gesi na msokoto watu wengi wenye matumbo mepesi, nao hupata nafuu mezani hapo bila kujua sababu.

Jambo moja lazima lieleweke vyema. Ndani ya mkahawa wa "su" unaweza kula kwa amani, ingawa baadhi yao hutumia mayai na maziwa, na mwenye kudhuriwa na mayai hana budi kuuliza. Lakini ukiingia hoteli ya kawaida ya Kichina na kuagiza sahani ya mboga, huenda mboga hiyo ikawa imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, au kutiwa sosi ya chaza, au kunyunyiziwa nyama ya kusaga. Ile tofu ya pilipili iitwayo mapo, ambayo wageni wengi huagiza wakidhani haina nyama, kwa kawaida hupikwa na nyama ya kusaga. Kwa mpishi wa kawaida, sahani yenye mboga nyingi ni sahani ya mboga, hata kama nyama imepita humo.

NYAMA ISIYO NYAMA

Mgeni hushangazwa kwanza na orodha ya vyakula. Utasoma humo bata wa kuoka, samaki mzima, kamba wa kukaanga na mbavu za nguruwe, na ukiletewa utaona umbo, rangi na hata ngozi iliyokauka. Vyote ni vya mimea.

"Bata" na "bukini" aghalabu hutengenezwa kwa utando wa maziwa ya soya. Maziwa hayo yakichemshwa polepole, juu yake hutanda ngozi kama ile ya maziwa ya ng'ombe. Ngozi hiyo huopolewa, hukunjwa tabaka juu ya tabaka na kukaangwa. Tofu yenyewe ni maziwa hayohayo ya soya yaliyogandishwa, mara nyingi kwa jasi, kisha yakakamuliwa maji kama jibini. Jasi ina madini ya kalisiamu, na kwa hiyo tofu iliyogandishwa namna hiyo ni chanzo kizuri cha kalisiamu kwa mtu asiyekunywa maziwa. Protini yake ni kati ya gramu 8 na 15 katika kila gramu 100, kutegemea kiasi cha maji kilichobaki. Yai moja lina gramu 6 hivi. Tena protini ya soya ni bora, kwa maana ina viini vyote ambavyo mwili hauwezi kujiundia wenyewe.

Namna nyingine ya nyama bandia hutokana na ngano. Mpishi hukanda unga wa ngano kwa maji, halafu huosha lile donge tena na tena mpaka wanga wote umetoka. Kinachobaki ni kitu kama mpira, kinachovutika na kutafunika kama nyama. Wachina hukiita mianjin, nacho ni protini ya ngano tupu. Kina protini nyingi kuliko tofu, lakini kimepungukiwa na kiini kimoja muhimu kiitwacho laisini. Soya, kama yalivyo maharagwe, ina laisini kwa wingi. Ndiyo sababu kuviweka viwili hivyo katika mlo mmoja ni jambo la busara, na ndiyo sababu githeri yetu ya mahindi na maharagwe ni chakula bora kuliko wengi wanaoidharau wanavyodhani. Bibi zetu na watawa wa China walifikia jambo moja kwa njia tofauti.

Kuna watu, hata hivyo, ambao protini hiyo ya ngano ni sumu kwao. Hawa ni wenye ugonjwa wa siliaki, ambao matumbo yao hushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe kila wanapokula ngano, shayiri au rai. Aliyegundua kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, katika miaka ya 1940. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mkahawa huu una hatari zaidi ya hoteli ya nyama choma, kwani hata sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Vilevile anayedhuriwa na njugu karanga, korosho au ufuta ajihadhari sana. Vitu hivyo husagwa ndani ya sosi na mafuta mahali usipoweza kuviona, na karai moja hupikiwa vyakula vingi.

Wanaume huniuliza kwa sauti ya chini kama soya itawapunguzia uanaume. Swali hili hulitokeza jambo la kweli, kwamba soya ina viini vinavyofanana kidogo na homoni ya kike. Lakini uchunguzi mwingi uliofanyiwa wanaume walaji wa soya haukuonyesha homoni yao ya kiume ikishuka. Kuleni. Onyo langu kuhusu soya ni kwa wale wanaomeza vidonge vya tezi ya shingo viitwavyo levothairoksini. Soya hupunguza nguvu ya dawa hiyo kuingia mwilini. Kidonge kimezwe asubuhi mapema kwa maji matupu, na tofu isubiri saa kadhaa.

Wenye gauti nao wamezoea kuambiwa waache maharagwe pamoja na nyama. Kwa kadiri tujuavyo leo, nyama, samaki na bia ndivyo vinavyoleta gauti. Jamii ya maharagwe na uyoga haijaonekana kuongeza hatari kwa namna hiyo. Mwenye gauti atakula kwenye mkahawa huu kwa raha kuliko mahali pengi.

CHUMVI ILIYOJIFICHA

Turudi kwa yule mama wa Guangzhou. Tofu haina ladha, na mianjin pia haina ladha. Ladha yote unayoisikia imeletwa na sosi, na sosi ni chumvi. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya kina chumvi ya zaidi ya gramu mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Vijiko viwili tu vya sosi vinakaribia kukimaliza kiasi hicho, kabla hujahesabu kile kilichomo katika supu, mboga zilizotiwa siki na chumvi, maharagwe meusi yaliyochachuka, na ile sosi nzito ya uyoga inayowekwa badala ya sosi ya chaza. Mtu akila hivyo mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, hakuna kidonge cha shinikizo kitakachoshindana naye.

China wenyewe wanalijua tatizo hili. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika vijiji 600 vya nchi hiyo, ukihusisha watu karibu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye shinikizo la damu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ya kawaida, na nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Katika vijiji vya chumvi ya potasiamu kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, na vifo pia vikapungua. Ni kitu kidogo kubadilishwa katika chungu, na matokeo yake ni makubwa kuliko ya dawa nyingine ghali. Lakini asiinunue kiholela mtu mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, maana potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Mezani fanya hivi. Mwambie mhudumu "shao yan", yaani chumvi kidogo. Agiza angalau sahani moja iliyopikwa kwa mvuke. Usimimine mchuzi wa sahani juu ya wali. Chukua kipande kwa vijiti au kijiko na uuache mchuzi uchuruzike, kwani chumvi nyingi imo ndani yake. Supu inywe kidogo. Na bakuli dogo la sosi likiletwa, chovya ncha tu, usiogeshe.

Mafuta pia yatazamwe. Kitu cha mmea kikikaangwa ndani ya mafuta mengi hunenepesha sawasawa na kingine. Utando wa soya hukaangwa, mianjin hukaangwa mara nyingi, na biringanya hunyonya mafuta kama sifongo. Sahani moja ya kukaangwa kwa watu watatu inatosha.

Kwa wenye kisukari mlo wa Kichina una jambo moja zuri sana: katika karamu zao wali huja mwishoni. Anayekula mboga na tofu kwanza, kisha akamalizia na wali kidogo, sukari yake ya damu hupanda taratibu kuliko anayeanza na wali. Jambo hilo halihitaji safari ya China. Hata nyumbani unaweza kuanza na sukuma wiki na ndengu na kuuacha ugali uwe wa mwisho.

UNGA WA LADHA

Watu wengi huogopa ajinomoto kuliko chumvi, na hofu hiyo imegeuzwa juu chini. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Japani, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani na kugundua kwamba utamu wake maalumu watokana na glutamati, kiini kilichomo pia katika nyanya, uyoga, jibini na hata maziwa ya mama. Unga wenyewe ukaanza kuuzwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1968 daktari mmoja, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua katika jarida la madaktari la New England Journal of Medicine akieleza kwamba kila alapo katika mikahawa ya Kichina ya Marekani husikia ganzi shingoni, udhaifu na moyo kwenda mbio. Alitaja sababu kadhaa ambazo huenda zilihusika, pamoja na sosi ya soya, divai ya kupikia, unga huo na chumvi. Watu wakaokota moja tu. Tangu hapo watu waliodai kudhurika wamepimwa mara nyingi bila kujua kama wamepewa unga huo au kitu kingine, na madhara hayakuonekana kwa namna ya kuaminika. Wachache huumwa na kichwa kidogo wakiumeza mwingi tumbo likiwa tupu. Kwa upande wa sodiamu, madini yanayopandisha shinikizo, unga huo unayo asilimia 12 hivi, ilhali chumvi ya mezani ina asilimia 39. Ukikataa ajinomoto kisha ukamwaga sosi ya soya, umefukuza panya na kumkaribisha nyoka.

CHAI, CHUMA NA VITAMINI YA B12

Mara tu uketipo utaletewa birika la chai, nayo huongezwa mpaka uondoke. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha hakuna ubaya. Lakini madini ya chuma yaliyomo katika mimea huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, na chai huyazuia zaidi. Mama mjamzito, msichana anayepata hedhi nyingi, na yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu, aweke chai kando mpaka saa moja baada ya kula. Badala yake ale chungwa, au aagize mboga zenye pilipili hoho. Vitamini C huyafungulia mlango madini hayo.

Kuhusu vitamini B12 sitapita haraka, kwa kuwa nimeona madhara yake. Vitamini hii haipatikani katika mimea. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku. Mwani husifiwa kuwa nayo, lakini sehemu kubwa ya kilichomo katika aina nyingi za mwani ni kitu kinachofanana nayo tu, kisichofanya kazi mwilini. Tofu haina. Uyoga una kiasi kisichofaa kutegemewa.

Anayekula mlo mmoja, au hata wa mwezi mzima, bila B12 hatadhurika, kwani ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Hatari ni kwa aliyevutiwa na chakula hiki akaamua kuacha vyote vya wanyama maisha yake yote, mayai na maziwa pamoja. Mwaka wa kwanza atajisikia mwepesi. Wa pili atawahubiria wenzake. Baadaye, polepole sana, nyayo huanza kufa ganzi, ulimi unakuwa laini na wenye kuuma, miguu hukosa uimara gizani, kusahau kunaingia. Kwa sababu mboga za majani zina foleti nyingi, damu yake inaweza kuonekana nzuri maabara huku neva zikiendelea kuharibika. Zikishaharibika kwa muda mrefu si zote hurudi. Mtoto anayenyonya kwa mama wa namna hiyo yumo hatarini zaidi, maana yeye hana akiba.

Dawa yake ni rahisi na si ghali: kidonge cha B12, au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Wanaomeza metformini kwa ajili ya kisukari wajue kwamba dawa hiyo nayo hupunguza B12. Mwenye kisukari aliyeacha vyakula vya wanyama ana sababu mbili, na ganzi ya miguu yake isihesabiwe tu kuwa ni ya sukari kabla B12 haijapimwa.

WALIO NA DAWA NYINGINE

Anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda asifikiri amekatazwa mboga za majani. Vitamini K iliyomo humo hupunguza nguvu ya dawa, lakini kipimo chako kimewekwa kulingana na mlo wako wa kila siku. Kinachodhuru ni kubadilika ghafla, kwa mfano kutoka chapati na nyama hadi bakuli mbili za mboga kila siku za safari. Kula kiasi ulichozoea, na upimwe ukirudi.

Wanaotibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi waepuke sosi ya soya kwa wingi, tofu iliyochachushwa na maharagwe meusi yaliyochachuka. Vyakula hivyo vina kiini kiitwacho tiramini, ambacho kikikutana na dawa hiyo kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Tofu mbichi isiyochachushwa haina shida hiyo.

UYOGA MWEUSI NA SUMU ISIYONUKA

Katika sahani nyingi utakuta uyoga mweusi laini wenye umbo la sikio. Huuzwa mkavu na kuloweshwa kabla ya kupikwa. Mwaka 1980 daktari wa Marekani, Dale Hammerschmidt, aliandika kwamba uyoga huo hupunguza uwezo wa chembe za damu kushikamana. Kwa mlaji wa kawaida si neno. Kwa anayemeza aspirini au wafarini kila siku, vipande vichache havina taabu, mabakuli ya kila siku ni mengine.

Ninalotaka hasa msomaji alijue ni jinsi unavyoloweshwa. Kuna bakteria iitwayo Burkholderia gladioli, ambayo hupenda vyakula vyenye maji na wanga vilivyoachwa mahali pa joto: unga wa mahindi uliochachuka, machicha ya nazi, tambi mbichi za mchele, na uyoga uliokaa majini kwa siku nzima au zaidi. Jamii fulani ya bakteria hiyo hutoa sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Jina limetokana na chakula cha nazi cha Indonesia kilichoua watu wengi huko. Sumu hii haina harufu wala ladha, na haifi motoni, hata ukichemsha. Huzuia chembe za mwili kutumia nguvu zake, na ini na ubongo ndivyo huangamia. Haina dawa ya kuivunja.

Mwezi Oktoba 2020, katika mkoa wa Heilongjiang, China, watu tisa wa ukoo mmoja walikufa baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa, ambazo zilikuwa zimekaa muda mrefu katika friji. Mwezi Machi 2024 wateja wa mkahawa mmoja usiouza nyama mjini Taipei, Taiwan, waliugua baada ya kula tambi za mchele za kukaanga, na kadhaa wakafa. Sumu ilikuwa hiyo hiyo. Wala si mambo ya Asia pekee. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji matangani. Kwanza ilisemekana kwamba kuna aliyetia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara baadaye ulionyesha asidi ya bongkreki.

Mikahawa yenye wateja wengi hulowesha na kumaliza siku ileile, na hiyo ni sababu nzuri ya kula palipojaa watu. Waliorudi kutoka safari na pakiti ya uyoga huo, au wanaoununua Nairobi, waoshe uyoga, wauloweshe katika maji baridi kwa muda wa saa mbili au tatu, wapike, wale. Usiulaze majini usiku kucha. Ukiwa na utelezi au harufu, utupwe, na hata ukiwa hauna harufu lakini umelala majini, utupwe vilevile.

Wali nao una kisa chake, ingawa ni kidogo kuliko hicho. Uingereza, tangu mwaka 1971, madaktari waliwaona watu wakitapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina. Chanzo kilikuwa wali uliopikwa mwingi na kuachwa nje usiku, kisha ukakaangwa kesho yake. Viini viitwavyo Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huzaana katika wali vuguvugu, na sumu yao inayotapisha haiondolewi na karai la moto. Kiporo cha wali kipoozwe upesi kwa kutandazwa, kiingie katika friji kabla saa mbili hazijapita, na kiliwe siku ya pili. Asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja.

Kutapika kwa sababu ya wali kwa kawaida hukoma ndani ya siku moja, na mgonjwa huhitaji maji ya chumvi na sukari tu. Lakini mtu aliyekula uyoga ulioloweshwa, tambi za mchele au kitu cha mahindi kilichochachuka, akatapika kisha akaanza kusinzia, kuchanganyikiwa au macho kuwa ya manjano, asingojewe apate nafuu nyumbani. Mpelekeni hospitali kubwa saa hiyohiyo, mwaambieni wauguzi kila alichokula na saa aliyokula, na mabaki ya chakula yafungwe katika mfuko yaende naye. Wote waliokula naye waende pia, hata wanaojisikia wazima.